Ringi za Pistoni na Mafuta ya Nazi ya Dada Yangu

Watu wa rika langu wengi wana wa kuwalaumu, na wengi huwasitiri. Mimi sisitiri. Aliyeniulia gari langu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa toka nitoke, na aliyemsaidia ni mwenye duka la spea kule Mlandege. Majina siyaandiki kwa sababu wake zao bado wananisalimia. Wenyewe wakisoma watajijua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina gari la shamba, lile la bodi ya mbao na mabenchi mawili marefu. Kila alfajiri nilikuwa nikipakia samaki Mkokotoni na kuwahi nao mnada wa Darajani. Mkubwa wa wachuuzi alikuwa mzee mmoja wa Kitumbatu, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yanauma. Mwaka huo injini yangu ilianza kunywa oili kama ng'ombe anywavyo maji. Mara mbili ilizima njiani, na mara mbili kolekole wake walifika mnada umeshamalizika.

"Kijana," akaniambia, "samaki hana subira, na mimi nimejifunza kwake. Ukisimama mara ya tatu, mzigo nampa mwenye gari la kijani."

Mwenye gari la kijani alikuwa hasimu yangu. Kila akinipita hupiga honi, hata kama njia ni yake peke yake. Bila ya samaki wale mimi sikuwa na kazi, maana abiria wa Mkokotoni walikuwa wachache na wengi wao ni jamaa, hawalipi.

Shemeji alikuwa fundi. Akaisikiliza injini, akasema ringi zimekwisha. Ringi za pistoni ni vyuma vyembamba kama bangili, huvishwa pistoni ili oili isipande juu ikaungua. Za kiwanda kilichounda gari zilikuwa ni za kuagiza na kungoja. Sisi tukinunua za viwanda vingine, na wallahi zilikuwamo nzuri, mtu akizifunga anasahau. Zilikuwamo na bandia: ringi kuukuu zilizookotwa gereji, zikapigwa msasa, zikapakwa mafuta, zikatiwa katika boksi la kampuni. Boksi tupu lilikuwa na soko lake. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpa shemeji maboksi yangu, akisema anatilia misumari.

Kutambua ilikuwa shida. Mimi nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani tu, juzuu zangu nikazimaliza, lakini herufi za Kizungu wakati ule kwangu zilikuwa nyayo za kuku. Kila dereva alikuwa na kipimo chake. Wengine wakiuma, wengine wakinusa. Mimi nikiiangusha ringi sakafuni nikaisikiliza, kwani nilisikia kwamba ya asli hulia kama kengele. Siku niliyonunua boksi kule Mlandege nikaangusha moja mbele ya shemeji. Ikasema pu, kama embe bovu.

"Hii hailii," nikamwambia.

"Shemeji, chuma cha ukoo hakipigi kelele," akanijibu. Nami nikakubali! Ndiyo maana nasema hasara nyingine mtu hujipikia mwenyewe.

Tukapitia kwake kunywa chai. Boksi nikaliweka wazi barazani. Kikombe cha pili hakijesha, naona msafara wa sisimizi unapanda ukuta na kuingia ndani ya boksi, mwingine unatoka, wamejipanga kama watu wa msibani.

Dada akatoka na sinia, akaangalia. "Kaka, umenunua ringi au visheti?"

Akachukua moja, akainusa. Uso ukambadilika. "Haya mafuta yangu ya nazi! Chupa naitafuta tangu juzi!"

Hapo hapo shemeji akakumbuka sala ya jamaa, akavaa kofia akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikarudi Mlandege na boksi langu na hasira zangu. Nikamlazimisha mwenye duka atoe maboksi yake yote ya ringi, nikayafungua na kuyapanga chini penye njia ya sisimizi. Watu wakajaa. Maboksi matatu yakavamiwa, moja likapitwa kando kama nyumba ya mgomvi.

"Sisimizi hawa wa nani?" mwenye duka akapiga kelele. "Umekuja nao wewe!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Akanirudishia pesa zangu.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na gari. Lakini nilionja sifa. Wiki nzima nilizunguka baraza za mjini nikieleza: grisi ya kiwandani sisimizi haigusi, mafuta ya nazi ndiyo kiungo chake. Madereva wakiniamkia kwa heshima. Jioni moja shemeji naye akaja, akakaa mwisho wa baraza kwa adabu, akanyoosha mkono.

"Na yakichanganywa na mafuta ya taa, je?"

"Yakiwamo mafuta ya taa hawasogei kabisa," nikamfundisha, mbele ya watu kumi.

"Ahsante, shemeji. Allah akuzidishie ilimu."

Wiki iliyofuata nikanunua boksi jipya, duka lile lile la Mlandege, maana nilijiona sidanganyiki tena. Nikaliweka chini mbele ya mashahidi. Sisimizi wakafika, wakageuka. Nikalinyanyua boksi nikalibusu. Ringi nikazifunga mwenyewe kwa kiburi, nikenda Mkokotoni kumpa habari mzee.

"Hizi nimezipima, ami. Khalisi."

"Umezipima kwa nini?"

"Kwa sisimizi."

Akaamuru samaki wapakiwe, akapanda yeye na wachuuzi wake.

Siku hiyo bahari ilikuwa imetoa. Changu, kolekole, pweza, gari limejaa mpaka juu ya paa. Tukapita Mahonda vizuri, nnaimba. Mbele kidogo injini ikakohoa, ikapiga kishindo kimoja, moshi ukatufunika, na gari likasimama kama lililofika kwake. Tulipokuja kuifungua baadaye tulikuta ringi zimevunjika vipande vipande na kuikwarua silinda yote, alama za msasa bado zinasomeka, hata kwa asiyejua kusoma.

Mzee akashuka. Jua linapanda, nzi washapata habari.

"Mwanangu," akasema, "hao wadudu wako leo wamefunga?"

Honi nikaisikia kabla sijaliona gari la kijani. Mzee akainua mkono, likasimama, na wachuuzi wakahamisha mzigo wote bila ya kuniuliza, kikapu baada ya kikapu, mpaka gari langu likabaki na harufu tu. Hasimu yangu akakaa kwenye usukani akipiga mswaki.

"Panda," mzee akaniambia. "Ila juu. Ndani pamejaa."

Nikapanda juu ya paa, nikakaa katikati ya pweza. Mzigo ule haukurudi kwangu tena. Na yule bwana wa gari la kijani, tangu Mahonda mpaka Bububu, kila penye nyumba alipunguza mwendo na kupiga honi, ili watu watoke wanione.