Uji Unapoa

Mdogo wangu alifundisha baiolojia katika sekondari ya kata huko Ziba, shule isiyo na maabara wala umeme wa kutegemea. Likizo zikifika alirudi nyumbani kwetu Cheyo, akaegemeza simu kwenye ndoo uani, akatundika ubao ukutani na kujirekodi akifundisha. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu hukaa uani hapo hapo, kwa hiyo kila akianza niliamriwa kusimamisha kazi. Nilikereka. Nilimwambia wazi kwamba wenzake wa mjini wanauza masomo ya namna hiyo, yeye anayagawa kama maji ya kisima.

Alicheka tu. Chini ya kila video aliyoiweka mtandaoni aliandika maneno yale yale: yeyote achukue, anakili, akate, aongeze, mradi wanafunzi wasome. Na watu walichukua kweli. Wenye maduka ya simu Nzega waliwaingizia wateja video hizo kwenye memori kadi, walimu wakarushiana, zikafika Urambo na Ulyankulu, kwa watoto ambao hawakuwahi kumwona.

Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya mzunguko wa damu. Alichemsha maua ya choya mpaka juisi ikawa nyekundu, akaipitisha kwenye mpira wa dripu, akieleza kwa Kiswahili yale ambayo vitabu vimeyaandika kwa Kiingereza. Katikati ya somo mama yetu anasikika kutoka jikoni, haonekani: "Mama, uji unapoa." Mdogo wangu alirithi jina la bibi yetu, mzaa mama, na mtoto wa namna hiyo kwetu huitwa mama na mama yake mwenyewe tangu yuko mgongoni. Kwenye video anainua uso, anatabasamu, anajibu, "Nakuja, mama," halafu anaendelea na somo. Nilimshauri akikate kipande hicho. Akasema hata wanafunzi wana mama zao, kiache.

Basi kikawa ndicho walichokishika. Darasani mwalimu akichelewa, mmoja atasema uji unapoa na wengine wataitikia.

Mdogo wangu alifariki akijifungua. Alivuja damu, na ya kundi lake haikupatikana mapema. Mtoto naye hakuishi. Nikikumbuka alivyokuwa akiishika ile choya na kueleza damu inapita wapi, napandwa na hasira mpaka leo, na sijui hata namkasirikia nani.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wasichana wawili wa shule walipita nje ya ua wetu, mmoja akaita kwa sauti ya kizee, "Mama, uji unapoa," mwenzake akajibu, wakacheka. Hawakujua nyumba ile ni ya nani. Mama, aliyekuwa mkekani na wanawake wenzake, alisimama, akaanza kuelekea jikoni, kisha akakaa tena. Nilitoka nikawafokea wale watoto mpaka mmoja akalia, na wala sikumwonea huruma.

Wageni walipopungua mama aliniita. Akataka video ile iondolewe. Mtu akishazikwa, alisema, aachwe apumzike, asiwe anasemeshwa na kila apitaye njiani. Na yeye hataki kujisikia tena akimwita. Nikachukua simu ya marehemu, nikaiondoa video mtandaoni, kisha, mama akisimamia, nikaifuta na kwenye simu yenyewe. Nilimweleza kwamba zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi, kwa kuwa mwenyewe aliwapa watu ruhusa.

"Aliwapa sauti yake," mama akasema. "Yangu nani aliniomba?"

Nilikwenda Nzega kuwasihi wenye maduka wafute. Walinipa pole, wakafuta mbele yangu, na sote tulijua kwamba ni kazi bure.

Baada ya arobaini alifika mwalimu kutoka Ulyankulu, mgeni kabisa kwetu. Alimwamkia mama shikamoo, akatoa rambirambi, akasema wanafunzi wake wamesoma kwa marehemu mwaka mzima. Ameitengeneza video ile, akatuambia kwa furaha: ameongeza majina ya mishipa kwa herufi kubwa, ameondoa kelele za nyuma. Kabla sijamzuia alikwisha kuibonyeza simu.

Nilidhani mama atainuka. Badala yake alijisogeza. Hakuwa ameitazama hata mara moja; siku ile yeye alikuwa jikoni. Akaitazama choya ikipita kwenye mpira, akamtazama mwanawe akiinua uso na kutabasamu. Jikoni kimya. "Nakuja, mama."

"Anamwitikia nani?" mama akauliza. "Mbona mimi sijaita?"

Mwalimu alinitazama mimi. Nilipomweleza kelele ile ilikuwa ya nani, aliisimamisha video. Akaomba radhi sana, akasema ile nzima hana tena, labda atawauliza wanafunzi. Ya kwetu nilikwisha kuifuta kwa mkono wangu.

Mama akaomba airudishe mwanzo. Safari hii aliinamia simu, midomo ikicheza, akisubiri pale pake.

"Mama, uji unapoa," akasema.

Lakini alichelewa kidogo. Mdogo wangu alikuwa ameshaitikia, amegeukia mpira wake, anaeleza damu inavyorudi moyoni.