Bawa Lililochorwa kwa Hewa ya Bahari

Profesa Hugues ni mtu wa kunukia vizuri na kusema vibaya, na kama unadhani nitamsitiri katika habari hii, bora uache kusoma hapa hapa. Namchukia, na sioni haya kulisema. Lakini habari yenyewe ni ya Gisèle, kwa hiyo nitajikaza nianze naye.

Gisèle alizaliwa Katana, vilimani karibu na Bukavu, akasomea uhandisi wa ndege kule Algeria, katika mji wa pwani, kisha akafanya jambo ambalo Bukavu nzima iliona ni wazimu: akarudi. Mtu wa ndege anarudi kufanya nini katika mji ambao barabara yenyewe inawashinda wenye magari? Walimuuliza hivyo sokoni, walimuuliza kwenye matanga, walimuuliza kwenye foleni ya maji. Gisèle hajui maneno matamu, na wanafunzi walimwogopa kuliko mtihani.

Chuo kilimpa chumba kimoja cha nyuma, chenye kompyuta chache na paa linalovuja. Humo alifundisha vijana kuchora vyombo kwa kompyuta. Mimi, Agathe, nilikuwa mtunza vifaa wake. Gisèle hakukubali mchoro ubaki kwenye kioo. Ulichochora, ulikikata mwenyewe kwa waya wa moto katika frigolite, yale mapande meupe mepesi yanayokuja na televisheni mpya, tuliyoyaomba kwa wenye maduka wa Nyawera. Kipande kisipoingia mahali pake, alikivunja mbele ya macho yako na kukurudisha kwenye kiti. Walilia mle ndani, wavulana kwa wasichana. Nami nilimwambia kwamba ni mkali kupita kiasi, akaniambia ndege iliyochorwa vibaya ni kali zaidi.

Utafiti wake ulikuwa ndege ndogo isiyo na rubani, ya kubeba damu ya kupimwa kutoka Bunyakiri, kule ambako mvua ikikata barabara mgonjwa hungoja majibu mpaka anasahau alichokuwa anaumwa, au anakufa nacho. Bawa lilichorwa na Elodie, msichana asiyesema kitu, mwanafunzi wake bora. Hugues, mkuu wa idara, hakuwahi kugusa waya wala frigolite, lakini jina lake lilitangulia juu ya kila karatasi ya utafiti ule. Yeye na Gisèle hawakupikika chungu kimoja, na funguo za vyumba vyote vya idara zilikuwa chini ya amri yake.

Siku ya kuirusha ilikuwa Ijumaa, kwenye uwanja wa Mudaka. Ilikuwa kabla ya vita kushuka mpaka mjini, na ruhusa ya kurusha kitu angani bado ilipatikana kwa mwenye subira. Kamati ya chuo ilikaa kivulini. Mahali pa damu tuliweka vifuko vya maji. Gisèle akairusha kwa mkono. Ilipanda kidogo, ikainua pua, ikasita, halafu ikaangukia maharage ya watu. Mwenye shamba alitutukana kwa Mashi, lugha ya huku, na alikuwa na haki. Hugues alicheka, meno nje, mpaka mtu wa kamati alipomuuliza: "Professeur, si jina yako njo iko juu ya projet?" Kicheko kikaisha.

Gisèle alifungua kompyuta juu ya boneti ya gari. Akapitia namba moja moja, kisha akaniita nione. Ile programu ya kupigia hesabu za bawa huanza na hewa ya usawa wa bahari. Ni juu yako kuibadilisha. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi zaidi, hailibebi bawa vizuri, kwa hiyo bawa linatakiwa liwe refu. Elodie hakubadilisha kitu. Angejuaje? Amezaliwa Bagira, hajavuta hewa nyingine. Kwetu sisi hewa ni hewa. Mgeni wa pwani akipanda vilima vyetu akihema, tunamcheka, hatujiulizi anahema nini. Lakini aliyekagua mchoro ni Gisèle, na Gisèle aliishi kando ya bahari. Macho yake yalipita pale pale bila kusimama, macho ya mtoto wa Katana.

Hugues alinusa kosa kama paka anavyonusa sambaza, dagaa wa ziwa letu. Alimvuta Gisèle kando, masikio yangu hayana adabu, yakafuata.

"Madame, Jumatatu komite itauliza. Sema ni ule mutoto njo alikosea. Tunamufukuza, inaisha, weye unabakia na chumba yako. Ukikatala, funguo unanirudishia."

"Na Elodie?"

"Elodie atapata bwana."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Huyu hata mbegu hakupanda! Nilitaka Gisèle amtemee mate, lakini alifunga kompyuta tu, akaingia garini. Nilimkasirikia yeye pia, njia nzima.

Jumamosi alimwita Elodie. Hakumbembeleza. Alivunja mabaki ya bawa mbele yake, akamwonyesha kiti. "Chora tena. Hewa ya huku." Elodie alichora huku machozi yakimtoka, na kabla ya giza tulikuwa tumekata bawa jipya.

Jumapili, kanisani, padri akasema tupeane amani. Hugues aliondoka kwenye benchi lake la mbele, la wakubwa, akavuka mpaka kwetu, mkono mbele na tabasamu juu. Alijua anachofanya. Nani anakataa mkono wa amani mbele ya parokia nzima? Elodie na mama yake walikuwa nyuma yetu.

"Amani ya Kristo, Madame. Tunasikilizana kwa ya kesho?"

Gisèle aliushika ule mkono, asiuachilie.

"Amani ya Kristo, Professeur. Ile bawa, miye njo niliangaliaka, nikaiacha vile. Kosa iko yangu. Ule mutoto usimuguse."

Alisema kwa sauti yake ya darasani, isiyohitaji mikrofoni. Watu waligeuka. Hugues alivuta mkono, haukutoka. Mama Elodie alikuwa amesimama, amemkazia macho, naye ni mwanamke wa kuuza mkaa, si wa kutishwa na manukato.

"Sawa," Hugues akasema, chini chini.

"Sema, watu basikie."

"Sawa! Simugusi."

Ndipo akamwachilia. Nilipokea komunyo nikiwa na furaha isiyo takatifu, na Mungu anisamehe, anamjua Hugues kuliko mimi.

Jumatatu Gisèle alirudia maneno yale mbele ya kamati, akaweka funguo mezani. Elodie alibaki katika orodha ya chuo, chumba kikaenda. Tulihamisha vitu vya Gisèle kwenda kwenye baraza la nyumba yake, Muhungu, ambako atafundisha atakavyoweza, na mvua itaingia zaidi kuliko pale. Niliumia, na nililia bila kujificha. Hugues alikuja kusimama mlangoni, mikono nyuma, kuhakikisha hatubebi kiti cha chuo.

Elodie akatokea ndani na bawa jipya begani. Halikupita.

"Pardon, Professeur," akasema yule asiyesema kitu. "Bawa iko murefu sasa. Mutoke ku mulango."

Hugues akatoka.