Mayai ya Bibi

Juzi pale Igoma niliona landrova kuukuu ikivuja maji, nikacheka peke yangu. Nilipokuwa mtoto, baba alinunua ya namna hiyo mnadani, akawa anaifufua njiani tukitoka Musoma kwenda kwa bibi Biharamulo. Tulipofika Kigongo, kivuko kikiwa kinakaribia, rejeta ikatoboka. Nilitumwa maji ziwani. Niliporudi, kikapu cha mayai tuliyompelekea bibi kilikuwa kitupu.

“Mayai yako wapi, mama?”

“Muulize baba yako. Ameyatia kwenye rejeta.”

Leo najua yai huiva mle ndani likaziba tundu. Siku ile niligusa boneti iliyonuka kutu, nikaona ina joto kuliko tumbo la kuku.

“Shikamoo bibi,” nilisema tulipofika. “Vifaranga wako wamo ndani ya gari.”

Bibi hakucheka. Alinipa mtama nikaumwage chini ya injini.