Sauti Inayosema Nakuja

Wasikilizaji walimwita Mama Matangazo, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kila alasiri alipanda ngazi hadi chumba kidogo cha redio kilicho juu ya duka la matairi, akafunga mlango uliogongomelewa magodoro ili kelele za nyundo zisiingie, kisha akasoma: maji yatakatika upande wa bondeni, mkutano wa wazazi umeahirishwa, mzee fulani ametutoka, begi la shule limeokotwa stendi. Mwisho wa yote, bila kuandikiwa na mtu, alisema, "Haya, mnaonisubiri, nakuja."

Watu waliyapenda maneno hayo. Walidhani ni mbwembwe za utangazaji, kumbe yalikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni bintiye wa miaka minne, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukuwa na Jumapili. Alishinda na bibi yake, mama mkwe wa mtangazaji. Akisikia tu "nakuja" redioni, huacha alichoshika, huvaa ndala na kwenda kukaa kizingitini. Hakuhitaji saa. Alipomaliza kuwaimbia kuku nyimbo zake zote, mama huyo anachomoza.

Kisha ikaja akili bandia. Mhariri, mtu mpole apendaye vitu vipya, alimwita pembeni.

"Dada, koo lako linanitia huruma. Tukiifundisha kompyuta sauti yako, itasoma matangazo, na wewe utatoka ukatafute habari. Si ndicho ulichokuwa ukiniomba?"

Ndicho hasa. Aliona haya kidogo, kama mtu anayeazimisha nguo aliyoivaa jana, lakini akakubali. Fundi mitambo akailisha kompyuta vipindi vyake vya zamani, pamoja na yale maneno ya mwisho. Siku alipomsikilizisha, Mama Matangazo alijishika koo bila kujua. Ni yeye. Hata kile kipumzi anachovuta kabla ya kumtaja marehemu kilikuwepo.

"Sasa kazi yako ni kula mshahara tu," fundi akacheka.

"Na yako ni kuipikia chai," akamjibu.

Siku ya kwanza alikwenda zahanati kuzungumza na akina mama waliopanga foleni ya chanjo. Walimsimulia mambo mpaka akasahau njaa. Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeanza kuingia, na Chiriku alikuwa kizingitini, ndala miguuni, kichwa kimelala juu ya magoti.

"Amegoma kuingia," bibi akasema. "Chakula hajagusa. Anasema mama kasema anakuja."

Mama akachuchumaa. "Nisamehe, mwanangu. Yule hakuwa mimi. Ni mashine."

Chiriku akamtazama usoni. "Alikuwa wewe. Mimi nakujua."

Alimbeba, akamlisha, akajipa moyo kwamba atazoea. Na kweli alizoea, ila si kwa namna mama alivyotaka. Wiki iliyofuata mama aliwahi kurudi, akafika mlangoni wakati redio ndani inamalizia matangazo. "Haya, mnaonisubiri, nakuja," sauti yake ikasema. Chiriku alikuwa sakafuni akipanga vizibo vya soda. Hakuinua hata kichwa.

"Mjukuu wangu, mama anakuja huyo," bibi akamwambia.

"Anasema tu," Chiriku akajibu, akaongeza kizibo kingine.

Mama akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mhariri. "Mzee, mashine nimeikubali. Isome maji, isome mikutano, hata nikifa initangaze. Lakini isiseme inakuja."

"Dada! Si ndicho wanachokipenda watu? Watauliza."

"Acha waulize. Inakuja wapi hiyo? Ina miguu?"

Mhariri akacheka, kisha akamwona usoni, akaacha. Mama Matangazo akamweleza habari za kizingiti, za ndala na za vizibo. Mhariri akakuna kidevu.

"Mimi nami nilidhani ni mbwembwe," akasema. "Basi tumewadanganya wote, si mtoto tu."

Tangu siku hiyo kipindi kilianza kwa kueleza kwamba anayesoma ni kompyuta kwa sauti ya kuazima. Maneno ya mwisho yakafutwa. Siku akiwa kweli anaelekea nyumbani, Mama Matangazo angepiga simu na kuyasema mwenyewe; siku akichelewa, kipindi kingeisha bila hayo. Wachache walinung'unika, wengine hawakujali. Fundi baiskeli wa jirani ndiye aliyefurahi zaidi.

"Shemeji, kumbe mko wawili! Yule wa redioni ana adabu, hajawahi kunijibu."

"Basi mwambie huyo akuletee maji ya kunywa."

Jioni ya kwanza ya mpango huo alipiga simu akiwa barabarani. "Haya, mnaonisubiri, nakuja," alisema, pikipiki ikampigia honi sikioni. Akatembea haraka kama mtu anayekwenda kutazama matokeo ya mtihani.

Kizingiti kilikuwa kitupu.

Akasimama. Ndipo akaona mlango umeachwa wazi kidogo, na katika upenyo ule jicho moja linamchungulia. Chiriku alikuwa amevaa ndala moja, nyingine ameishika mkononi.

"Nimesikia pikipiki," akasema. "Mashine haina pikipiki."

"Mbona hukutoka, basi?"

"Nilikuwa naangalia kwanza kama ni kweli."

Mama akakaa kizingitini, akampakata, akamvisha ile ndala ya pili, ingawa hapakuwa na safari ya kwenda popote.