Tanuri la Delbert na Sahihi Iliyowahi

Delbert Zapalac aliingia dukani kwa Nelda Hruska asubuhi ya Jumatatu, mkewe Lorene nyuma yake, akabwaga fomu juu ya gunia la chakula cha ng'ombe. Nelda aliuza pumba na waya wa ua. Alikuwa pia na leseni ya kushuhudia sahihi, na muhuri wake ulikaa droo moja na misumari.

"Tupigie muhuri, dada. Tunaachana," alisema Delbert, kama mtu anayeagiza kahawa.

Fomu alikuwa amezichapa mwenyewe kutoka mtandaoni. Kwake, wakili alikuwa wa watu wasiojua kusoma. Watoto walishakuwa watu wazima wenye vitambi vyao, na ugomvi haukuwepo tena; miaka thelathini na minne ya ndoa ilikuwa imeumaliza wote. Nyumba ingebaki kwa Lorene. Delbert angechukua pikapu na tanuri la kubanikia nyama.

Tanuri ndilo lililokuwa roho yake. Alilichomelea mwenyewe kutokana na tangi kuukuu la gesi, akalipandisha juu ya tela, na kidari cha ng'ombe kilichotoka humo baada ya saa kumi na mbili za moshi wa mwaloni kiliwanyamazisha hata wachungaji wa kanisa. Aliyechochea moto saa zote hizo alikuwa Lorene. Delbert alikata nyama na kupokea vikombe vya ushindi.

Nelda akaishika karatasi ya Lorene, ile ya kukubali shauri bila kuletewa wito.

"Ombi lenyewe la talaka umeshalifikisha kwa karani wa mahakama?"

"Kesho. Nazipeleka zote kwa safari moja. Bei ya mafuta si unaijua?"

"Delbert, soma maelekezo. Ukurasa wa mwisho."

"Nimejenga zizi, nimejenga tanuri, maelekezo sijawahi kusoma. Wewe gonga!"

Sheria ya Texas inamkataza mwenye muhuri kujifanya wakili, na Nelda alikuwa mtii wa sheria, hasa akiambiwa "gonga". Akagonga.

Siku sitini za kusubiri kisheria zikapita. Delbert hakukaa bure: alimposa Twyla wa saluni, akalipia ukumbi kabisa, tena ule usiorudisha pesa. Kisha akavaa shati lenye kola na kwenda mbele ya jaji. Jaji akatazama tarehe mbili, ya sahihi na ya ombi, akavua miwani.

"Mkeo alikubali shauri ambalo halikuwepo bado. Sahihi hii inatakiwa itiwe siku moja au zaidi baada ya ombi kupokelewa. Akatie upya."

Wakarudi dukani kwa Nelda. Delbert akampa Lorene kalamu. "Dakika moja tu, mama."

Lorene akaipokea, akailaza mezani.

"Tanuri."

"Limefanya nini?"

"Liandike kwangu."

"Lorene! Si tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana kabla. Jaji kasema ya kabla hayahesabiki."

"Huo ni wizi wa mchana!"

"Basi nikatalie, tupambane mahakamani mwaka mzima. Ukumbi wenu ni wa tarehe ngapi vile?"

Delbert akageukia kaunta. "Dada Nelda, hebu mwambie!"

"Mimi siruhusiwi kushauri. Nauza pumba."

"Chukua pikapu, Lorene. Nakupa pikapu!"

"Kuukuu lile? Linakunywa kuliko marehemu baba yako."

Delbert alibadilisha mstari wa mali kwenye fomu kwa mkono wake mwenyewe, polepole, kama mtu anayejing'oa jino. Lorene akatia sahihi, Nelda akagonga, na safari hii Delbert aliisoma tarehe mara mbili.

Talaka ikatoka, na mwezi uliotakiwa upite kabla ya ndoa mpya ukapita. Lakini harusi ya watu wa kule bila kidari ni kikao cha wazazi shuleni, na Twyla alishawatangazia wageni kidari cha Zapalac. Ikabidi tela liagizwe kwa mwenyewe. Lorene akaja na aproni yake na bei yake, na hakupunguza hata senti.

Bwana harusi alipanga foleni na sahani. Lorene akamkatia kipande cha pembeni, kile kikavu.

"Hongera, Delbert," alisema. "Anayefuata!"