Mwalimu Kinuthia Aenda Kuposa Boito

Ukimwomba mtu wa Kapkatet sukari, naye akashusha pumzi na kutazama mbali kabla ya kukuambia hana, jua huyo amepita mikononi mwa Mwalimu Kinuthia. Pasta anayefuta jasho ambalo halipo ni wake. Diwani anayekatika sauti kila akifika kwenye habari ya barabara ni wake. Hata mama wa mitumba, yule anayekuapia mkono kifuani kwamba hilo koti halijavaliwa, ni wake pia. Jamani, mji mzima!

Babake alikuwa na duka la mabati na misumari, akitarajia kijana atashika kaunta. Kijana akashika mchezo wa Krismasi kanisani, akamfundisha Herode kukasirika mpaka kwaya ikakimbilia nje, na kaunta ikasahaulika. Akaongoza michezo ya mashule, akabeba vikombe, kisha akafungua darasa la kuigiza katika ukumbi ulio nyuma ya kinu cha unga. "Toa sauti kwa tumbo!" ndiyo ilikuwa kelele yake. "Na ukipewa nafasi ya kukataa, kataa polepole. Anayekataa ndiye anayetazamwa." Watu wakalipeleka somo hilo majumbani mwao, na wake zao wakateseka.

Mwenyewe hakuoa. Alisema ameoa jukwaa, akala chapati za hoteli mpaka mvi zikamwota. Kisha siku moja Tecla, mkulima wa majani chai kutoka Boito, akaja kumchukua kakake Alfayo darasani. Akakuta watu wazima wanafanya mazoezi ya kulia. Akauliza, "Hawa wamefiwa na nani?" Kinuthia alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo hakulala vizuri. Alimpenda, basi. Alikuwa akipanda Boito kila Jumapili, anakunywa chai barazani kwa Tecla, anasahau hata kupaza sauti.

Hatimaye Tecla akamwambia, "Mimi nimekubali. Sasa kuja uniombe kwa watu wetu. Lakini tafadhali, Kinuthia, usilete mchezo."

Usilete mchezo! Afadhali angemwambia asilete miguu. Wiki nzima Kinuthia alimfanyisha mazoezi binamu yake Muturi, aliyekuwa msemaji, na shangazi yake Gathoni, aliyekuwa na kazi ya kutabasamu tu, naye alikuwa akitabasamu vibaya.

Sasa, kwa Wakipsigis, watu wa kina Tecla, kikao hicho cha kuposa huitwa koito, na wenyeji hukataa kidogo kwanza, isije ikaonekana wana haraka ya kumtoa binti yao. Kidogo, nimesema. Wageni hubembeleza, wenyeji hulegea, mursik, yale maziwa yao ya mgando, inamiminwa, watu wanacheka. Tatizo ni kwamba aliyepewa kazi ya kukataa alikuwa Alfayo.

Alfayo akasimama. Akatazama sakafu. "Dada yetu," akasema, "hatoki hapa."

Muturi akafungua mdomo abembeleze, lakini Kinuthia akamzuia kwa mkono. Muturi akadhani bwana harusi ameumia. Wapi!

"Hapana, Alfayo," Kinuthia akasema. "Umekimbiza maneno. Rudia kutoka 'dada yetu', na utoe kwa tumbo."

Alfayo akarudia kwa furaha. Mamake akaacha kutafuna.

"Bado! Mwangalie mama kwanza, ndio unigeukie mimi."

Mara ya tatu Alfayo aliwasha moto. Alitaja kaburi la baba yao. Alitaja michai ambayo Tecla aliipanda mwenyewe baada ya mazishi, mvua ikimnyea. Wazee wakatafuta leso. Mmoja, aliyekuja tayari kukubali, akainuka na kusema, haki ya Mungu, huyu msichana haendi mahali, walikuwa karibu kufanya makosa. Shangazi Gathoni naye, shangazi wa muoaji, akalia kwa sauti: "Ni ukweli, tumwache tu!"

Kinuthia peke yake alikuwa akimeremeta. "Hiyo!" alipaza sauti. "Hiyo ndiyo!"

Akageuka, akamwona Tecla mlangoni mwa jikoni, sinia ya chai mikononi.

"Nilikuwa nangoja umkatize," Tecla akasema. "Hata vibaya. Hata kwa kugugumia. Ungemkatiza, ningetoka na hii chai. Wewe unamfundisha vile atakunyima mimi."

Kinuthia akaanza kulia. Machozi yakamtoka, na kamasi, bila tumbo wala mpangilio wowote.

"Punguza kidogo," Muturi akamnong'oneza.

Tecla akarudi jikoni na sinia yake, na hakuna aliyemfuata.

Alfayo aliwasindikiza wageni mpaka langoni, bado anahema, uso umemng'aa. Akamshika mwalimu wake mkono.

"Mwalimu, nilikuwaje?"

Kinuthia alitaka kumtukana. Alitaka sana.

"Ulikuwa mzuri," akamwambia, kwa sababu alikuwa mzuri kweli.