Jirani Aliyekataa Kunishtaki

Watu wakiniuliza kwa nini nilibaki kule ughaibuni, Stechford, muda wote ule baada ya mume wangu kurudi Nakuru, nawaambia ni udongo. Wengine hucheka. Mimi sicheki.

Tulikuwa na duka la dobi, lile la kufua suti na magauni kwa dawa badala ya maji. Tuliinunua kampuni nzima kutoka kwa mzee mmoja aliyechoka: mashine, wateja, jina la mlangoni, na kumbe pia sumu iliyolala chini ya sakafu. Dawa ya kufulia ilikuwa imevuja tangu ujana wa mzee huyo, ikazama, ikapita chini ya ukuta hadi bustani ya jirani. Halmashauri ya jiji ilipopima ikatuandikia sote wawili: mimi nisafishe, jirani asile chochote kilichoota kwake.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameshapata kiharusi, na dada yake amemchukua amuuguze nyumbani. Mpango ulikuwa niuze duka nimfuate. Nani ananunua sumu? Na kufunga mlango nijiendee nisingeweza, maana amri ya kusafisha ilikuwa juu yangu na gharama yake ingemeza duka na nyumba. Kila nikipiga simu mume wangu aliuliza neno moja, kwani maneno marefu yalikuwa yanamshinda: "Lini?" Nilikuwa nikikata simu nalipigia kelele birika la chai.

Jirani mwenyewe alikuwa mama wa Kikongo, mjane kutoka Bukavu, tuliyesali naye kanisa moja kule Nechells. Ukuta wetu ulikuwa mfupi na sufuria zilivuka juu yake kama watoto wasio na adabu. Mimi nikipeleka githeri ya mahindi na maharage, yeye anarudisha sombe, kisamvu cha kwao. Kwao na kwetu desturi ni moja: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa, unatia hata vitunguu viwili. Barua ya halmashauri ilipokuja aling'oa lengalenga zake zote, mchicha wa kwao, kwa mkono, akazitia kwenye mfuko wa taka, kisha akaniambia, "Si weye ulimwanga ile poison, mama. Tuombe tu."

Mwanasheria wangu alikuwa binti wa Kikenya mwenye ofisi Perry Barr. Aliniagiza nitafute karatasi za bima za zamani. Bahati nzuri yule mzee hakuwa mtu wa kutupa kitu. Zilikuwa darini, zimefungwa kamba, za miaka ambayo mimi nilikuwa bado natambaa. Binti alizisoma akapiga meza.

"Aunty, hizi ni dhahabu! Hii ni bima ya dhima ya kampuni hiyohiyo mliyonunua. Sumu ilivuja miaka yao, so hata ikionekana leo, ni ya kwao kulipa."

"Basi walipe."

"There's a catch. Hawalipi udongo wako. Wanalipa kama umemharibia mwenzako, na huyo mwenzako akudai. Jirani akidai, watasafisha kwake na kwako, maana wakiacha kwako sumu itarudi."

"Si namwambia leo jioni anidai?"

Aliruka kitini. "Aunty, usithubutu! Watasema mmepanga njama, na hapo hulipwi hata senti. Usimwombe, usimdokezee. Hata msamaha usimwombe. Ngoja tu."

Nikangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanawe mkubwa wa jirani alikuwa mtu wa vitabu, nikajua atamsukuma mama yake. Kweli alimsukuma. Siku moja mama alikuja ukutani na sufuria ya maharage, uso unang'aa kama aliyeniletea zawadi.

"Mwana wangu anasema tuone avocat, tukupeleke ku tribunal. Mi nikamuambia, jamais! Bibilia inakataza. Mutu ya kanisa kushitaki ndugu yake? Usiogope, mama. Mi sitakushitaki hata siku moja."

Nikasema asante. Nilipoingia ndani nikaweka sufuria mezani na kulia kwa hasira. Nilimchukia kwa upendo wake. Mtu alikuwa amesimama na ufunguo wa jela yangu mkononi, na ananiapia kwa jina la Mungu kwamba hataugusa.

Wiki ile mume wangu hakuuliza "Lini?" Alishika simu tu, nikasikia anapumua.

Asubuhi yake niliosha sufuria ya jirani, nikaikausha, nikaivusha ukutani. Tupu. Aliifunua, akatazama ndani, akanitazama. Nikageuka nikaingia dukani. Kanisani nilikaa safu nyingine, na aliponisalimu nilijifanya natafuta miwani.

Mwezi haukuisha barua ya wakili wake ikafika. Binti wa Perry Barr alishangilia kwenye simu. Wenye bima wakabishana weee, mwishowe wakakubali, zikaja mashine zikachimba kwangu na kwake. Niliyaona matuta yake ya lengalenga yakipakiwa kwenye lori. Alisimama mlangoni kwake amejifunga kitenge, na mimi nimekatazwa hata kumwambia pole.

Kesi ilipofungwa na duka kupata mnunuzi, nilipika pilau, nikaijaza sufuria yangu kubwa, nikaenda kugonga kwake. Nilimweleza yote pale mlangoni, kuanzia karatasi za darini hadi sufuria tupu niliyomrudishia ili akasirike anidai.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikatazwa. Wangesema tumepanga."

"Nani angewaambia? Mi nilivukisha watoto batatu katikati ya vita kwa kunyamaza tu. Weye uliona siwezi kukufichia neno moja?"

Kwa muda wote ule nilikuwa nimehesabu kila kitu, isipokuwa kwamba ningeweza kumwamini.

Akaipokea sufuria akaenda nayo jikoni. Nikasikia akipakua pilau kwenye bakuli lake, kisha maji ya bomba. Akarudi, akaniwekea sufuria mikononi. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa vizuri, na haina kitu ndani.

"Safari njema, mama," alisema, akafunga mlango taratibu.